Tambua Kasoro Kabla ya Kununua Kipuri: Matunzo ya Gari Kuukuu katika Nyanda za Ufipa

(Mada iliyotolewa mbele ya wamiliki wa magari na mafundi, Sumbawanga)

  

Mada ya leo inahusu magari makubwa yenye umri: Land Cruiser za mkonga, Prado, Nissan Patrol, Escudo na wenzao. Hayo ndiyo yanayopanda na kushuka kati ya Sumbawanga, Matai, Namanyere, Laela na Bonde la Rukwa, yakibeba mahindi, wagonjwa, watumishi na familia. Mengi yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na aliye nayo leo huenda ni mmiliki wa tatu au wa nne. Kumbukumbu za matengenezo ya awali hana, kitabu cha maelekezo hana, na kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi hana hakika nazo.

Swali la haki hapa ni hili. Miongoni mwa haki za mlaji ni kupata taarifa sahihi kabla ya kutoa fedha yake. Mwenye gari asiyejua kasoro inatoka wapi hununua kwa kubahatisha. Gari linachemsha: leo ananunua rejeta, wiki ijayo pampu ya maji, mwezi ujao anaambiwa hedi imepasuka. Mwishowe inabainika kwamba mfuniko wa rejeta ulikuwa umechoka springi yake. Kila kipuri alichonunua kinaweza kuwa kizima na kila muuzaji anaweza kuwa mkweli, lakini mlaji amepoteza fedha za msimu mzima wa mavuno. Kwa hiyo nitasema jambo moja kwa njia nyingi: utambuzi wa kasoro utangulie ununuzi wa kipuri.

Mahali tulipo na madai yake

Gari lililotengenezwa kufanya kazi popote duniani hukutana Ufipa na mambo matatu ambayo mwenye gari wa Dar es Salaam hayaoni kwa pamoja.

La kwanza ni mwinuko. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, shinikizo la hewa limepungua kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na pwani. Injini isiyo na taabo hupata hewa pungufu, na kwa hiyo nguvu pungufu. Maji nayo huchemka mapema: pwani huchemka kwenye nyuzijoto 100 za Selsiasi, hapa kwenye nyuzijoto 94 hivi.

La pili ni miteremko. Anayetoka mjini kushuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Muze, au kupita Matai kwenda Kasanga, hushuka takriban mita 1,000 katika safari moja. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800 tu juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko chini kidogo ya hapo. Anayeshuka sharti apande tena, mara nyingi akiwa na mzigo.

La tatu ni majira. Kiangazi huleta vumbi na, katika Juni na Julai, asubuhi zenye baridi kali. Masika, tangu Novemba hadi Aprili, huleta matope yanayoziba rejeta na maji yanayopenya katika beringi na difu. Karibu kila kasoro nitakayoitaja inatokana na moja ya mambo hayo matatu.

Ukaguzi wa dakika kumi

Kabla ya kuzungumzia ugonjwa, tuzungumzie afya. Mara moja kwa wiki, na kila asubuhi kabla ya safari ndefu, egesha gari mahali tambarare, injini ikiwa baridi, ufanye yafuatayo.

Pima oili kwa kijiti chake. Futa kijiti, kichomeke tena, kisha usome. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema, na weusi peke yake si dalili mbaya. Dalili mbaya ni oili kupungua kwa kasi, kuongezeka bila wewe kuiongeza, au kufanana na chai ya maziwa. Rangi hiyo ya maziwa huashiria maji yameingia ndani ya injini, na gari hilo lisiwashwe mpaka lichunguzwe. Kwa magari makuukuu yanayofanya kazi kwenye vumbi na mizigo, kubadilisha oili na filta yake kila kilometa 5,000 ni utaratibu wa busara.

Tazama kimiminika cha rejeta katika chombo chake cha akiba. Usiongeze maji ya kisima au ya mtoni kila mara. Chumvi na tope lake huganda ndani ya mirija myembamba na kuiziba. Tumia kulanti iliyochanganywa kama chupa inavyoelekeza. Ukiwa njiani na huna kulanti, maji safi yatakufikisha, lakini mchanganyiko urekebishwe ufikapo.

Kagua mikanda na mipira ya maji kwa macho na kwa mkono: nyufa, uvimbe, ulaini usio wa kawaida. Tazama kiwango cha oili ya breki. Toa filta ya hewa na uipigepige taratibu. Ikiwa imekolea vumbi au imechanika, ibadilishe. Kwa gari la dizeli, fungua vali iliyo chini ya filta ya mafuta na utoe maji yaliyotulia, hasa kama ulijaza mafuta kutoka kwenye madumu.

Mwisho, soma tairi. Ubavuni mwake mna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2312 ilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2012. Hata kama kashata zake ni nzima, mpira wake umezeeka, na muuzaji asikuuzie kwa jina la tairi mpya.

Gari linapochemsha

Mshale wa joto ukipanda, simama mahali salama. Usifungue mfuniko wa rejeta. Maji yaliyo ndani yana shinikizo na yatakuunguza uso na mikono. Kama hita ya gari inafanya kazi, iwashe kwa joto la juu, kwani nayo huondoa joto kwenye injini. Mvuke ukiwa unatoka au maji yakiwa yamemwagika, zima injini na usubiri ipoe kabisa.

Kisha chunguza kwa kuanzia kwenye vitu vya bei ndogo. Je, maji yamepungua? Kama yamepungua, yametokea wapi: kwenye mpira, kwenye rejeta, au chini ya pampu? Je, mkanda wa feni umelegea au umekatika? Je, uso wa rejeta umezibwa na mbegu za nyasi na tope? Uoshe kwa maji ya shinikizo dogo kutokea upande wa injini kwenda nje. Halafu ufikirie mfuniko. Kazi yake ni kushikilia shinikizo ili maji yasichemke mapema. Mfuniko mzima wa kawaida huongeza kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzijoto 20. Hapa Ufipa, ambapo maji huchemka kwenye 94, mfuniko mbovu hukuacha bila akiba yoyote unapopanda kutoka Muze na mzigo. Ni kati ya vipuri vya bei ndogo katika mfumo mzima, na mara nyingi ndicho kinachokumbukwa mwisho.

Kuna desturi moja tuiangalie upya. Gari likichemsha, baadhi yetu huagiza thamostati itolewe na kutupwa. Thamostati ni mlango unaobaki umefungwa mpaka maji yafikie joto la kazi, nyuzijoto 80 hivi. Ukiiondoa katika mji wenye baridi kama huu, injini haifikii joto lake: hula mafuta mengi, huchafua oili na huchakaa mapema. Thamostati ikiwa mbovu, weka nyingine. Fundi anaweza kuipima kwa kuitia ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto na kutazama kama inafunguka.

Ukiambiwa hedi imepasuka au gaskiti imeungua, uliza imejulikanaje. Dalili zipo: mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta injini inapofanya kazi, oili yenye maziwa, moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, maji yanayopungua bila kuvuja nje. Zikiwapo, hedi ifunguliwe na ipimwe kwa shinikizo kabla hujanunua nyingine.

Gari linapokataa kuwaka asubuhi

Asubuhi za Juni, gari la dizeli lililowaka vizuri jana jioni linaweza kugoma. Usikimbilie kununua betri. Anza na vichwa vya betri: vilivyolegea au vyenye ukungu mweupe huzuia umeme. Visafishe, uvikaze, ujaribu tena. Pili, pima betri kwa mita. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, ikisoma chini ya 12.2, imebaki na nusu au pungufu. Injini ikiwaka, mita inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, tatizo ni altaneta au mkanda wake, na betri mpya nayo itakufa ndani ya siku chache.

Kama starta inazungusha kwa nguvu lakini injini haishiki, basi umeme wa betri si tatizo. Katika dizeli, kagua plagi za kupashia joto. Mbili zikiungua kati ya sita, gari litawaka kwa taabu, litatetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika chache. Kila plagi hupimwa peke yake, hivyo hakuna sababu ya kulipia sita ikiwa mbili tu zimekufa, isipokuwa mwenyewe umeamua. Kama plagi ni nzima, huenda hewa inaingia katika njia ya mafuta usiku. Pampu ya mkono iliyo juu ya filta itakuambia: ikiwa laini asubuhi na ngumu baada ya kusukumwa mara kadhaa, tafuta mahali panapovuja.

Kusoma moshi

Moshi ni barua kutoka ndani ya injini. Moshi wa bluu husema oili inaungua. Moshi mweupe husema mafuta hayaungui, au maji yameingia. Moshi mweusi husema mafuta ni mengi kuliko hewa.

Huo mweusi ndio unaogharimu watu fedha katika nyanda hizi. Mwenye gari huona nguvu zimepungua na moshi umeongezeka, akaambiwa pampu na nozeli zimekufa. Yawezekana ni kweli. Lakini kumbukeni kwamba hewa yetu ni pungufu tayari. Filta iliyoziba huipunguza zaidi. Wazee wa Ufipa, waliokuwa wakiyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo yaliyojivutia hewa yenyewe, hawakuhitaji kuelezwa kwamba moto usiopata hewa hubaki kuwa moshi. Badilisha kwanza filta ya hewa, kisha filta ya mafuta, kisha endesha. Moshi ukibaki, ndipo nozeli zipimwe kwenye mashine, nawe uoneshwe jinsi zinavyonyunyiza. Zikiwa nzima, zirudishwe. Utakuwa umelipia kipimo tu.

Breki na mteremko

Makosa mengine hugharimu fedha. Hili hugharimu uhai. Kwa hiyo naomba tulikae kidogo.

Oili ya breki hufyonza unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Ile ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 205. Ikishakunywa unyevu, kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu, dereva akikanyaga breki mfululizo, joto la magurudumu hufika kwenye oili hiyo, nayo huchemka. Mapovu ya mvuke hubonyea, na pedali huzama mpaka chini bila gari kupunguza mwendo. Gari hilohilo lilisimama vizuri kabisa mjini, kwa sababu mjini breki hazipati joto la namna hiyo. Ndiyo maana inashauriwa oili ya breki ibadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama haijapungua.

Ikiwa imepungua, usiongeze na kuondoka. Hupungua kwa sababu mbili: pedi zimelika, au inavuja. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu. Unyevu hapo ni uvujaji, na gari lisishuke mlima. Pedali iliyo laini, gari kuvuta upande mmoja, au sauti ya chuma kusagana, kila moja ni amri ya kusimama.

Kuteremka nako kuna adabu yake. Gia unayoihitaji kupanda mlima ndiyo ya kuushukia. Iingize kabla ya mteremko kuanza. Acha injini ibebe sehemu ya kazi, na ukanyage breki kwa vipindi, kwa uthabiti, kisha uziachie zipoe. Wapo wanaoshuka kwa gia huru au kwa kuzima injini ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani huwa mzito. Lita moja ya dizeli hailingani na roho za abiria.

Mkanda wa taimingi

Katika Land Cruiser nyingi za mkonga imo injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2. Ni injini inayosifiwa kwa uvumilivu, lakini ina mkanda wa taimingi wa mpira, na utaratibu wa mtengenezaji ni kuubadilisha kila kilometa 100,000. Ukikatika gari likiwa mwendoni, vali na pistoni zinaweza kugongana, na gharama itapita ile ya mkanda kwa mbali.

Taa ya dashibodi yenye maandishi T-BELT huwaka muda ukifika, lakini taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Ukinunua gari lisilo na kumbukumbu, chukulia kwamba mkanda haujabadilishwa. Ubadilishe pamoja na beringi ya kuukazia, kisha uandike tarehe na kilometa kwenye daftari la gari. Injini nyingine hutumia mnyororo au gia badala ya mkanda. Muulize fundi kabla hujalipia kitu ambacho gari lako halina.

Kipuri halali, kipuri bandia

Tutofautishe mambo manne. Kipuri cha mtengenezaji wa gari kina jina lake na bei yake. Kipuri cha kampuni nyingine, chenye jina la kampuni hiyo, ni halali, na chaweza kuwa bora. Kipuri kilichotumika, yaani mtumba, nacho ni halali kikiuzwa kwa jina hilo. Bandia ni kile kinachobeba jina la mwingine ili kukudanganya. Hicho kimekatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Mlango, taa, hata gia boksi ya mtumba inaweza kukufaa. Pedi za breki, mipira, mikanda na filta za mtumba hazifai. Oili inunuliwe ikiwa imefungwa. Soma herufi: daraja linaloanza na C ni la dizeli, linaloanza na S ni la petroli. Oili inayopimwa kutoka kwenye pipa lisilo na maandishi haina wa kuwajibika nayo.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji wa bidhaa hizo atoe bidhaa inayofaa kwa kazi uliyomweleza. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Lakini sheria hutembea kwa ushahidi. Bila risiti ya EFD yenye jina la kipuri, bila kipuri chenyewe, malalamiko yako hubaki kuwa masimulizi.

Ukiona umedhulumiwa, rudi kwanza kwa aliyekuuzia, umweleze kwa utulivu na kwa maandishi, ukibaki na nakala. Asiposikia, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani, ukiambatisha risiti, picha na kipuri. Ubora hafifu wa bidhaa uripotiwe pia Shirika la Viwango Tanzania, na mashaka ya mafuta ya gari yaripotiwe EWURA.

Maswali matatu

Ndugu zangu mafundi, sijaja kuwashtaki. Mteja anayetaka gari lake ndani ya saa moja, asiyetaka kulipia muda wa uchunguzi, ndiye anayemlazimisha fundi kubahatisha. Uchunguzi ni kazi, na kazi hulipwa. Mlaji anayelipia uchunguzi kwa hiari hupunguza fedha anazozimwaga kwenye vipuri asivyovihitaji.

Nanyi wenye magari, mkisahau mengine yote, mkumbuke maswali matatu ya kuuliza gereji, kwa heshima na bila ukali. Kabla ya kununua: umejuaje kwamba ni hiki? Baada ya kufungwa: cha zamani kiko wapi, nikione? Kabla ya kuondoka: risiti yangu iko wapi? Fundi mwema hatachukia maswali hayo, kwa sababu majibu yake anayo tayari.

 Sasa nakaribisha maswali yenu.